Namba Yako Ngapi?

Nafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari huku Temeke, na karibu kila muhula, kwenye rundo la insha, nakutana na sentensi ya namna hii: "Namba ya watu waliohudhuria msiba ilikuwa kubwa." Naipigia mstari mwekundu, pembeni naandika: idadi. Mwanafunzi akirudishiwa daftari ananifuata mezani. "Sasa mwalimu, si kitu kimoja?"

Ana hoja yake. Kipindi kilichotangulia alikuwa kwenye Kiingereza, na huko "number" ni ya watu, ni ya nyumba, ni ya simu, ni ya hesabu, yote neno moja. Kwa nini kwetu likatae? Jibu fupi analipata palepale mezani. Jibu refu haliingii kwenye kipindi cha dakika 40, ndiyo maana naliandika hapa.

Mwingereza ana neno moja linalofanya kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kuhesabu: vitu viko vingapi. Kazi ya pili ni kubandika: kitu hiki ni kipi kati ya vingi vinavyofanana. Neno lilipovuka maji kuja kwetu, kazi ya kwanza ilikuwa na wenyewe. Idadi ilikuwepo, hesabu ilikuwepo, kiasi kilikuwepo, wote wamekaa sebuleni tangu enzi za Waarabu na hawakuwa na mpango wa kuhama. Tarakimu naye alikuwa na kachumba kake. Kwa hiyo mgeni akapewa kazi iliyobaki, ya kubandika. Jirani zetu Wakenya wanaliita nambari, sisi tumelikata mkia likawa namba, lakini kazi ni ileile.

Ndiyo maana ukiniambia "namba ya watu" sikio langu linakataa. Namba ya Kiswahili haisemi vingapi. Inasema kipi, nani, cha nani, na hasa inasema wapi pako. Halafu, kwa kichekesho cha lugha, tunaiulizia kwa -ngapi kana kwamba tunahesabu: nyumba namba ngapi, basi namba ngapi, namba yako ngapi. Hakuna anayetegemea kwamba jezi namba 9 imezidi jezi namba 6 kwa kitu chochote. Viatu tu ndivyo vinavyofuata hesabu. Ukisimama kwenye mitumba Tandika, muuzaji atakutazama miguu kwanza, kisha "namba ngapi, broo?", na hapo 43 ni kubwa kweli kuliko 41, uliza vidole vyako.

Kwenye mpira ndiko neno limeota mizizi mpaka limesahau shati. Zamani namba ilikuwa mgongoni: mbili beki wa kulia, tatu beki wa kushoto, sita kiungo mkabaji, tisa anafunga. Siku hizi mchezaji anavaa 27 au 40 na bado mtangazaji anakuambia "anacheza namba sita," na kila aliyekaa kwenye benchi la kahawa anaelewa ni sehemu gani ya uwanja inayosemwa. Kutoka hapo namba ikawa nafasi yenyewe. Kijana akisajiliwa Simba au Yanga, wiki nzima mjadala ni mmoja: atapata namba? Atamtoa nani? Asipopata, "hana namba," na mtu asiye na namba anaweza kuwa na jezi, na mshahara, na picha ukutani kwa mama yake, lakini Jumamosi saa kumi yuko benchi na bibu juu ya jezi.

Na msemo ukitoka uwanjani hauishii getini. Nimemsikia fundi wa magari akimwambia mwenzake kuhusu dada wa duka la dawa: "Pale huna namba, kaka, pumzika." Nimesikia mwalimu mwenzangu, baada ya mkuu mpya wa shule kuingia, akilalamika kwamba wale wa zamani "wamepoteza namba." Mabadiliko ya cheo hayakuwepo, wala barua. Alichomaanisha ni kwamba wakiongea kwenye kikao, mkuu anaangalia simu.

Kwenye magari kuna namba za aina nyingine kabisa. Njano kwa gari la mtu binafsi, nyeupe kwa la biashara, na ukiona STK unajua ni la serikali hata kabla hujaona vioo vyeusi. Lakini siku hizi mjini namba ya gari ni herufi. Fungua tangazo lolote la kuuza gari: "IST, namba D, full AC." Namba C ni mzee wetu, namba D anajitahidi, namba E ana heshima na anapewa njia. Uzuri wa ujinga huu (na mimi ninaupenda) ni kwamba herufi inaonyesha gari lilisajiliwa lini hapa kwetu. Haionyeshi lilitengenezwa lini huko Japani. Gari la mwaka 2005 lililoshuka bandarini majuzi linatembea na namba E kama bibi harusi, wakati pacha wake aliyetangulia kuja miaka kumi nyuma anaitwa mkweche.

Na kuna ile ya kuisoma. "Utaisoma namba" ulipamba moto kwenye kampeni za uchaguzi mkuu wa 2015, ukielekezwa kwa wapinzani. Picha yake, kama walivyonieleza vijana wa kijiweni, ni ya mtu aliyepitwa na gari: kazi yake ni kubaki na vumbi, anasoma namba iliyoko nyuma. Uchaguzi ukapita. Baada ya mwaka mmoja au miwili hela ikawa ngumu mjini, na watu walewale waliokuwa wanawatupia wenzao msemo huo wakaanza kujisemea wenyewe, "tunaisoma namba, ndugu yangu," pamoja na binamu yake, "vyuma vimekaza." Sijui lugha nyingine ambamo umaskini ni kazi ya kusoma.

Mitihani nitaipita haraka kwa sababu naiona kila siku. Mtahiniwa wa kidato cha nne haandiki jina, anaandika namba, na matokeo yakitoka yanatoka kwa namba. Kwa hiyo Januari ndiyo mwezi ambao wajomba na mashangazi wote wanapiga simu wakiomba namba, na kijana aliyekuwa anaikariri hata usingizini ghafla hakumbuki.

Nyumba nazo zilipata zao. Mwanzoni mwa 2022 ilizinduliwa operesheni ya anwani za makazi, kabla ya sensa ya Agosti mwaka huohuo. Mitaa ikapewa majina, nguzo zikasimikwa, nyumba zikapewa namba. Yetu ya Buza ina namba nzuri tu. Sijawahi kumsikia mtu akiitumia. Bodaboda akileta mzigo hauliziwi mtaa, anaulizwa kama anaujua ule msikiti wa kijani, akate kushoto kwenye mashine ya kusaga, kisha "ukifika hapo piga simu." Hapo ndipo palipo anwani yetu halisi. Mtu wa Dar es Salaam anakaa kwenye namba yake ya simu. Nyumba anaweza kuhama mara tatu kwa mwaka, kodi ikipanda, mwenye nyumba akigeuka, bwawa likifurika. Namba ya simu anahama nayo.

Kwa hiyo kuomba namba ni jambo zito, na wavulana wanaoziomba kituoni Mbagala Rangi Tatu wanajua. Kumpa mtu namba ni kumwonyesha mlango. "Namba ngeni sipokei" ni kufunga mlango. Na mwizi naye anabisha hodi kwa njia hiyohiyo. Hakuna Mtanzania mwenye simu ambaye hajawahi kuletewa ule ujumbe maarufu: ile pesa itume kwenye namba hii. Hajitambulishi, hasalimii, anategemea tu kwamba kati ya maelfu atakaowatumia, yupo mmoja ambaye kweli alikuwa anadaiwa pesa leo asubuhi.

Ujumbe ule huwa una kipande cha pili: jina litakuja la fulani. Nataka ukitazame vizuri, kwa sababu si cha matapeli peke yao. Watu wema kabisa wanakisema kila siku. Unamlipa fundi bomba, anakutajia namba, anaongeza, "itakuja jina la mke wangu." Unanunua mkaa, "itakuja jina la Juma, we tuma tu." Dukani kuna lipa namba imebandikwa ukutani, muuzaji ni Mama Asha, jina linalokuja ni la mtu usiyemjua. Tumeshazoea kwamba namba ni ya huyu na jina ni la yule, na kati yao kuna habari ndefu ambayo hakuna mwenye muda wa kuisimulia.

Nitasimulia moja, ya mama yangu.

Mwaka 2019 tulitangaziwa kwamba laini zote zisajiliwe upya kwa alama za vidole, na ili kusajili lazima uwe na namba ya kitambulisho cha taifa. Tarehe ya mwisho ilikuwa 31 Desemba, ikasogezwa hadi 20 Januari 2020. Mnakumbuka foleni zile. Mama mwaka ule karibu wote alikuwa Ikwiriri, Rufiji, akimuuguza dada yake mkubwa. Aliporudi Buza zilikuwa zimebaki siku chache na hakuwa na namba ya NIDA. Laini yake alikuwa nayo tangu 2011. Kwenye laini ile ndiko wateja wa barafu walikompata, ndiko ndugu wa Rufiji walikompata, na ndiko kilikokaa kikoba cha kina mama 14 wa mtaani, maana yeye ndiye mweka hazina.

Binamu yangu, mtoto wa huyohuyo dada aliyekuwa anauguzwa, alikuwa na namba yake tayari. Akasema, "Mama mdogo, wewe umemlaza mama yangu na kumwamsha miezi minane, mimi nitashindwa kukupa kidole?" Wakaenda kwa wakala, akaweka kidole, laini ikapona. Kuanzia siku hiyo, mtu akimtumia mama pesa, mama alikuwa anamwambia: itakuja jina la mwanangu.

Mwaka uliofuata mama naye akapata namba yake ya NIDA. Ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Hapo kulikuwa na kazi, kwa sababu mama anachojua ni kwamba alizaliwa mwaka wa Uhuru, wakati wa mavuno. Ikaandikwa 1 Julai 1961. Ameikariri yote 20, nne nne, kwa mdundo uleule anaousomea namba za umeme wa LUKU, ambazo nazo ni 20. Na tangu hapo ana siku ya kuzaliwa. Wajukuu walipomletea keki kwa mara ya kwanza aliuliza nani kawaambia. Wakamjibu: bibi, ipo kwenye namba.

Laini ya simu ilibaki na jina la binamu. Ilikuwa inafanya kazi, na kitu kinachofanya kazi nyumbani kwetu hakiguswi. Mwaka 2022 binamu akapata kazi ya udereva Muscat, akaondoka.

Novemba 2023, asubuhi, ndani ya daladala, Tandika, mama akaibiwa simu. Kitochi chenyewe hakina thamani, na mwizi hawezi kutoa pesa bila namba ya siri, kwa hiyo hakushtuka sana. Akaenda duka la kampuni ya simu kurudisha laini. Nilimsindikiza. Dada wa kaunta akamwomba namba ya NIDA, mama akamtajia zote 20 bila kutazama popote, dada akatabasamu, akamwekea mashine ya kidole. Kisha akanyamaza kidogo.

"Mama yangu, hii laini siyo yako."

"Ni yangu, mwanangu. Tangu 2011."

"Mfumo unasoma jina la mwanaume. Aje yeye mwenyewe na kidole chake."

Yule dada hakuwa na ubaya. Alieleza mara tatu, kwa adabu, na kwa kweli kanuni ile ndiyo iliyomzuia mwizi asije kaunta hiyohiyo na hadithi nzuri zaidi. Lakini ndani ya laini ile kulikuwa na shilingi 1,260,000 za kina mama 14, zimebaki wiki tatu kikoba kivunjwe. Na kidole kilikuwa Muscat, kwenye usukani, mkataba wa miaka miwili.

Jioni ile kina mama walikuja uani. Hakuna aliyemtukana. Wanamjua. Ila mmoja, ambaye alikuwa anategemea mgao ule kwa ada ya mtoto anayeingia kidato cha kwanza, alisema taratibu, "Mama, sisi hiyo Muscat hatuijui. Tulimpa pesa mtu anayeitwa wewe." Nililikumbuka neno hilo siku nyingi. Kwenye daftari la kikoba mama alikuwa mtu wa kwanza kwenye orodha. Kwenye mfumo hakuwepo kabisa.

Mama aliuza friji. Ilikuwa friji kubwa ya mlango wa juu, ya barafu na juisi ya ukwaju, iliyotusomesha mimi na dada yangu. Ikaondoka kwa 450,000 kwenye guta, imelazwa chali, na fundi alikuwa ameonya isilazwe. Zilizobaki tulichanga mimi na dada. Desemba kikoba kikavunjwa, kila mmoja akapata chake, hakuna aliyepungukiwa hata mia. Januari wakamchagua tena kuwa mweka hazina. Akakubali kwa sharti moja, pesa zikae kwenye kisanduku chenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, kama zamani.

Akanunua laini mpya, ya jina lake, kidole chake. Nilidhani atafurahi. Alikaa nayo wiki nzima haijamlia hata mara moja. Wateja wa miaka 12 walikuwa wanapiga ile ya zamani na kuambiwa haipatikani, na wapo waliodhani amefariki. Mzee mmoja wa Mtoni Kijichi alikuja mpaka nyumbani na kanzu, kutoa pole, akamkuta marehemu anaosha vyombo.

Mimi niliendelea kuipiga ile ya zamani, mara moja moja, nikitaka kujua kama mwizi ameiwasha. Laini isipotumika muda mrefu kampuni huigawa upya, nilikuwa nalijua hilo, lakini kujua ni kitu kingine. Siku moja mwishoni mwa 2024 ikaita. Akapokea mwanaume, sauti ya kijana, nyuma yake kuna mashine inaunguruma. Yuko Geita, anasaga mawe. Nikamuuliza namba hii ameitoa wapi. "Nimeinunua na laini yake kaka, mbona?" Akaniambia tangu aipate hana raha, kina mama wanampigia wanamwita Mama, wanamuulizia barafu, na mmoja alimtumia ujumbe mrefu wa kumshukuru kwa kumuuguza mgonjwa wake. Aliusoma wote. "Nikasema, huyu mwenye namba alikuwa mtu."

Nikampa namba mpya ya mama awe anawaelekeza. Ameelekeza watu wanne mpaka sasa.

Binamu alirudi Februari 2025. Kesho yake asubuhi, hata begi hajafungua, akaenda na mama kaunta ileile akaweka kidole. Wakaambiwa pesa haijapotea, ila kwa kuwa namba imeshahamia kwa mtu mwingine, salio la zamani lazima lifuatiliwe makao makuu: barua, nakala ya kitambulisho, ripoti ya polisi ya ile simu. Wakapeleka vyote. Wakapewa kikaratasi chenye namba ya kufuatilia, tarakimu tisa.

Kikaratasi kiko kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Kila Jumatatu ananiletea nimpigie, na upande wa pili kabla ya yote wanauliza namba. Mama anaitaja yeye mwenyewe kwa sauti, tatu tatu, hii nayo ameshaikariri. Wanajibu kwamba linashughulikiwa. Juzi aliniuliza friji za mtumba siku hizi zinauzwaje.